Programu moja, nakala tatu: jinsi ya kumpata anayeziita kompyuta inapowaka

Swali hili hunifikia karibu kila wiki. Mtu amewasha kompyuta, imejikokota dakika nne au tano, akafungua Task Manager kuona kulikoni, akakuta programu moja imejipanga mara tatu na nyingine mara nane. Anauliza: nizizime zipi?

Usizime yoyote kwanza. Kubofya "End task" ni kukumba maji mtumbwini huku tundu bado li wazi. Ukiwasha kompyuta kesho, nakala zote zimerudi. Kuna kitu kinachoziita kila unapoingia kwenye akaunti yako. Wakati mwingine ni vitu viwili au vitatu vinavyoiita programu ileile, kila kimoja bila kujua kwamba mwenzake ameshaita. Tukimpata mwitaji, tiba yenyewe huwa ni kubofya mara moja au mbili. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za kutafuta. Za kuzima ni chache.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na Windows 11. Majina ya menyu na vitufe nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo wengi wanayoyaona.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi wa kompyuta. Bila hiyo, baadhi ya majibu ya hatua ya 3 yatakuja matupu.
- Simu au saa ya kupimia sekunde.
- Daftari na kalamu. Nasema kwa dhati: utaiwasha kompyuta upya mara kadhaa, na usipoandika ulichobadilisha utapotea.
- Restore point mpya, yaani alama ya kuirudisha Windows ilivyokuwa kabla hujabadilisha kitu. Andika "Create a restore point" kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, chagua diski C, hakikisha ulinzi umewashwa, kisha bofya "Create". Ni dakika moja tu, na ndiyo itakayokuokoa ukiharibu.
- Muda wa saa nzima. Kazi hii haifai kufanywa ukiwa na haraka ya kutoka.

Nakala nyingi zisizo na kosa lolote

Wengi wanaoniuliza hawana tatizo la nakala kabisa. Wameona svchost.exe mara sabini wakadhani wameingiliwa na virusi. Faili hiyo ni kibebeo tu: huduma za Windows huendeshwa ndani yake. Zamani huduma nyingi zilibanana ndani ya svchost moja. Tangu toleo la 1703 la Windows 10, lililotoka mwaka 2017, kompyuta yenye RAM inayozidi GB 3.5 huipa karibu kila huduma svchost yake, ili moja ikianguka isiziburute nyingine. Kwa hiyo sabini si habari.

Vivinjari navyo ni hivyohivyo. Chrome na Edge huvipa vichupo na viendelezi michakato yao, yaani nakala zao, kwa usalama na ili ukurasa mmoja ukiganda usigandishe dirisha zima. csrss.exe huwa mbili hata ukiwa peke yako kwenye kompyuta: moja ya mfumo, moja ya kikao chako. RuntimeBroker.exe, conhost.exe, dllhost.exe na msedgewebview2.exe huja kwa mafungu pia.

Zipo zinazotakiwa kuwa moja tu: lsass.exe, services.exe na wininit.exe. Ukiona mbili za jina hilohilo, ruka hadi hatua ya 9 sasa hivi.

Tunachokitafuta sisi ni programu za kawaida ulizoweka wewe au zilizokuja na kompyuta: za kuhifadhi faili mtandaoni, za mazungumzo, za printa, za kusasisha madereva (drivers, programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta), za michezo.

Hatua

1. Chagua "Restart", si "Shut down", kisha pima. Tangu Windows 8 kuna kitu kinachoitwa Fast Startup. Ukichagua "Shut down", Windows huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski na kuirudisha unapowasha, kwa hiyo hitilafu za jana huamka nazo. Utalithibitisha hili mwenyewe: fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance", bofya "CPU", utazame "Up time". Wengi wanaozima kompyuta kila jioni hukuta pale siku tisa, kumi na mbili, wakashangaa. "Restart" ndiyo inayoanza upya kabisa.

Ukishaingiza nenosiri, anza kuhesabu sekunde. Simamisha pale matumizi ya diski na prosesa yanapotulia. Andika namba hiyo.

2. Hesabu nakala. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start. Kwenye Windows 11 chagua "Terminal (Admin)", kwenye Windows 10 chagua "Windows PowerShell (Admin)". Andika:

Get-Process | Group-Object Name | Sort-Object Count -Descending | Select-Object -First 20 Count, Name

Utapata orodha ya majina 20 yenye nakala nyingi zaidi. Futa kichwani yale ya kawaida tuliyoyataja. Yanayobaki, yaandike daftarini.

3. Iulize kila nakala imetoka wapi. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi huparuka. Chukua jina moja kutoka daftarini, uliweke mahali palipoandikwa jina:

Get-CimInstance Win32_Process -Filter "Name='jina.exe'" | Select-Object ProcessId, ParentProcessId, CreationDate, CommandLine | Format-List

Kila nakala itakupa mistari minne. ProcessId ni namba yake. ParentProcessId ni namba ya aliyeizaa. CreationDate ni saa iliyoanza, hadi sekunde. CommandLine ni faili iliyofunguliwa pamoja na maagizo iliyopewa.

Nikupe mfano wa mashine niliyoishika mwenyewe. Programu ya kusawazisha faili ilikuwa na nakala tatu, na diski ilibaki kwenye 100% kwa dakika sita kila asubuhi. CommandLine ya kwanza ilianza na C:\Program Files. Ya pili ilianza na C:\Users, ikapitia AppData\Local. Ya tatu ilikuwa na njia (mahali faili ilipo) sawasawa na ya pili, ila mwishoni iliongezwa --type=renderer, na ParentProcessId yake ilikuwa namba ya ile ya pili. Basi ya tatu ni mtoto halali wa ya pili, hiyo tuliiacha. Ugomvi ulikuwa kati ya ya kwanza na ya pili. Mwenye kompyuta aliiweka programu mara mbili bila kujua, mara moja kwa watumiaji wote na mara nyingine kwa akaunti yake tu. Matoleo mawili tofauti, yameanza kwa kupishana sekunde mbili, yote yanapekua folda ileile yenye maelfu ya faili. Tuliondoa moja, tukaiacha nyingine. Kama angezima nakala kwa "End task" angeifanya kazi hiyo kila asubuhi hadi leo.

Kwa hiyo soma hivi: njia ileile na mzazi mwenye jina lilelile, hiyo ni familia moja, iache. Njia mbili tofauti, programu imewekwa mara mbili. Njia ileile lakini wazazi tofauti wasio wa programu hiyo, inaitwa kutoka mahali pawili.

4. Mfuate mzazi. Chukua ParentProcessId, tuseme ni 4312, uandike:

Get-Process -Id 4312

Jibu likiwa explorer, basi programu imeitwa ulipoingia kwenye akaunti, kupitia rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya mfumo) au folda ya Startup. Nenda hatua ya 5 na ya 6. Likiwa services, ni huduma. Tazama sehemu ya mwisho. Likiwa svchost, andika pia:

tasklist /svc /fi "PID eq 4312"

Ukiona neno Schedule, mwitaji ni Task Scheduler (ratiba ya Windows ya kazi zinazojianzisha zenyewe), nenda hatua ya 7. Ukiona DcomLaunch, kwa kawaida ni programu ya Microsoft Store au kipande cha Windows chenyewe.

Ukiambiwa namba hiyo haipo, usidhani umekosea. Mzazi alikuwa kizinduzi kifupi, akaita programu kisha akajifunga. Katika hali hiyo pita hatua ya 5 hadi ya 8 zote.

5. Fungua "Startup apps" ndani ya Task Manager. Kwenye Windows 10 sehemu hiyo inaitwa "Startup" tu. Bofya kitufe cha kulia juu ya vichwa vya safu, uongeze "Startup type" na "Command line". Sasa utaona kama kila mstari umetoka "Registry" au "Folder", na unaelekea faili gani. Programu yenye mistari miwili hujitokeza hapa bila kificho.

Safu ya "Startup impact" ina maana yake halisi: "High" ni programu iliyotumia zaidi ya sekunde moja ya prosesa au iliyosoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuwaka. Kwa hiyo "High" si hukumu. Programu ya maana inaweza kuwa "High" na ikastahili kubaki.

Zima mstari mmoja kati ya ile miwili kwa "Disable". Mmoja, si yote miwili, labda kama programu hiyo huihitaji inapowaka. Kama njia zilikuwa tofauti, kuzima hakutoshi: nenda "Installed apps" ndani ya Settings (Windows 10 huiita "Apps & features") uondoe ile usiyoitumia.

6. Tazama folda mbili za Startup. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup. Hiyo ni ya kwako. Rudia na shell:common startup, hiyo ni ya watumiaji wote wa kompyuta. Njia ya mkato ya programu moja ikiwa ndani ya zote mbili, hamisha moja uipeleke kwenye folda nyingine, kwa mfano Documents. Usiifute, ukikosea utairudisha.

7. Task Scheduler. Andika taskschd.msc kwenye dirisha lile la R. Upande wa kushoto bofya "Task Scheduler Library", kisha soma safu ya "Triggers" ukitafuta "At log on" au "At system startup". Hapa hujificha kazi nyingi za programu za kusasisha.

Ukimpata mhusika, kabla ya kumzima mfungue uende kichupo cha "Settings". Chini kabisa kuna sentensi inayosema nini kifanyike kazi ikiwa tayari inaendelea. Kawaida huwa "Do not start a new instance". Ukikuta "Run a new instance in parallel", umepata chanzo cha nakala zinazoongezeka kadiri siku inavyokwenda: kila kichochezi kinapolia, nakala mpya huzaliwa juu ya iliyopo. Irudishe kwenye "Do not start a new instance". Kama programu hiyo tayari inawaka kutoka hatua ya 5 au ya 6, bofya kitufe cha kulia juu ya kazi hiyo uchague "Disable".

Usiguse folda ya Microsoft iliyo ndani ya maktaba hiyo. Sijawahi kuona nakala za programu za kawaida zikianzia humo, na nimeona watu wakiharibu masasisho ya Windows kwa kuzima kazi zake.

8. Zima urejeshaji wa programu. Wengi hawaijui hii. Ndani ya Settings, "Accounts", "Sign-in options", kuna swichi isemayo "Automatically save my restartable apps and restart them when I sign back in". Ikiwa imewashwa, Windows hufungua tena programu zilizokuwa wazi ulipotoka. Programu hiyohiyo ikiwa pia kwenye orodha ya Startup, inaitwa mara mbili. Izime.

Kwenye Edge, fungua Settings, "System and performance", uzime "Startup boost" na kuendelea kwa viendelezi baada ya kivinjari kufungwa. Chrome nayo ina swichi ya kuendesha programu chinichini ndani ya "System". Ukitaka kujua ni kichupo au kiendelezi gani kinachokula RAM, bonyeza Shift na Esc ukiwa ndani ya kivinjari. Kina Task Manager yake.

9. Kagua wanaojifanya wengine. Ndani ya "Details" ya Task Manager bofya kitufe cha kulia juu ya mchakato unaoutilia shaka, chagua "Open file location". svchost.exe ya kweli hukaa C:\Windows\System32, au SysWOW64. Ikiwa ndani ya AppData, Temp au ProgramData, hiyo si ya Windows. Soma jina herufi kwa herufi: scvhost, svch0st yenye sifuri, lsas bila s ya mwisho.

Ukimkuta wa namna hiyo, usihangaike kumfuta kwa mkono. Fungua Windows Security, "Virus & threat protection", "Scan options", uchague ukaguzi wa offline. Hifadhi kazi zako kwanza, maana kompyuta itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, wakati virusi navyo bado vimelala. Huchukua takribani dakika 15.

10. Restart, pima tena. Linganisha sekunde na zile za hatua ya 1. Fanya badiliko moja, washa upya, pima, andika. Najua linachosha. Lakini aliyezima vitu 14 kwa mkupuo mmoja, kisha sauti ikapotea, hurudi kwangu bila kujua ni kipi kati ya 14.

Makosa yanayowaponza wengi

Kuzima csrss.exe au wininit.exe kwa nguvu huangusha kompyuta papo hapo, skrini ya bluu yenye CRITICAL_PROCESS_DIED. Windows ikikuonya kwamba mchakato ni wa mfumo, iamini.

Kufuta faili ya programu badala ya kuiondoa vizuri huacha mwitaji akiita faili ambayo haipo, na utapata ujumbe wa hitilafu kila ukiwasha.

Kupakua "kisafishaji" cha kuongeza kasi ndilo kosa linaloniuma zaidi. Mtu mwenye programu nyingi mno zinazojiwasha anaongeza nyingine inayojiwasha.

Na ile hila ya kufungua msconfig (zana ya Windows ya kupanga namna inavyowaka), "Boot", "Advanced options", kisha kuweka tiki "Number of processors": haiongezi kasi hata kidogo. Windows hutumia prosesa zote yenyewe. Tiki ile kazi yake ni kuziwekea kikomo.

Ikikataa

*Nimezima, imerudi baada ya siku chache.* Programu yenyewe hujiandika upya kila inapojisasisha. Ifungue, tafuta ndani ya mipangilio yake swichi ya kuwaka pamoja na Windows, izime humo.

*Sioni mwitaji popote.* Pakua Autoruns kutoka tovuti ya Microsoft. Ni ya bure, ni sehemu ya Sysinternals, mkusanyiko wa zana za Microsoft. Iendeshe kama msimamizi, kwenye "Options" weka tiki "Hide Microsoft Entries", halafu tafuta jina la programu yako. Hukusanya mahali pote pa kujiwasha kwenye orodha moja. Mistari ya njano ni ile ambayo faili yake haipo tena. Ondoa tiki tu, usifute mstari.

*Mzazi ni services.* Fungua services.msc, itafute huduma. Kama ni ya programu uliyoweka wewe na huihitaji mapema, badilisha "Startup type" iwe "Automatic (Delayed Start)", nayo itasubiri kama dakika mbili. Huduma za Microsoft ziache zilivyo.

*explorer.exe ziko mbili.* Fungua Folder Options, "View", utafute "Launch folder windows in a separate process". Ondoa tiki.

*Antivairasi ziko mbili.* Baki na moja. Mbili zikikagua kila faili inayofunguliwa, kila moja hukagua hata kazi ya mwenzake, na hakuna hatua hapo juu itakayokusaidia.

*Baada ya mabadiliko Windows haifunguki vizuri.* Kwenye skrini ya kuingilia shikilia Shift, bofya "Restart", kisha "Troubleshoot", "Advanced options", "System Restore", uchague ile restore point ya mwanzo. Kama diski imefungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaoficha data ya diski) utaombwa ufunguo wake wa kuokolea, kwa hiyo uwe nao karibu kabla ya kuanza.

*Nakala zimeisha, bado inajikokota.* Tazama diski. Kama ni ya kuzunguka na inabaki 100% kila ikiwaka, kuihamishia Windows kwenye SSD (diski isiyozunguka) kutafanya zaidi ya hatua zote hizi. Kama tayari ni SSD, jaribu kugawa nusu kwa nusu: fungua msconfig, "Services", weka kwanza tiki "Hide all Microsoft services", narudia, kwanza tiki hiyo, ndipo uzime zilizobaki. Washa upya. Ikiwa nyepesi, rudisha nusu ya huduma, washa, pima. Uzito ukirudi, mkosaji yumo katika nusu hiyo, igawe tena. Huduma ishirini zitakuchukua kuwasha mara tano hivi. Ukishampata, rudisha tiki kwenye nyingine zote isipokuwa yeye. Kichupo cha "General" kitaonyesha "Selective startup". Kiache hivyo, kwa sababu ukichagua "Normal startup" utamrudisha na yule uliyehangaika kumtafuta.